Mwanangu, usizipokee simu zao

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo. Mama yako miguu bado inamsumbua, ila anatembea. Habari kwamba umeomba ujaji wa kaunti ya Maricopa, huko Arizona, nimeipata kwa shangazi yako, si kwako, na imeniuma. Baba aliyemaliza utumishi wake mahakamani ndiye anayeambiwa wa mwisho! Haya, yamepita. Nimefurahi hadi usingizi umeruka. Umeruka pia kwa jambo jingine, ndilo linalonifanya niandike badala ya kungoja unipigie Jumapili.

Ni hiyo simu yako, mama.

Tangu uingie Baraza la Wawakilishi la Arizona hujawahi kuizima. Mkongo kaletewa notisi ya kuhama nyumba, anakupigia. Mrundi kijana wake kakamatwa usiku, anakupigia. Nawe unapokea, unaulizia, unaandika barua, unamtafutia mtu wa kumsaidia. Ndiyo kazi ya mbunge, na umeifanya kwa mshahara wa dola 24,000 kwa mwaka, mshahara ambao ndugu zako hapa mpaka leo hawaamini kuwa ndio huo. Nimejivunia hilo mbele ya watu msikitini. Lakini ukishakula kiapo cha ujaji, mtu yuleyule aliyezoea kukupigia saa nne usiku atapiga tena, na safari hii jina lake litakuwa kwenye jalada.

Nimekuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo, nimeona kesi zinavyoharibika. Haziharibikii kizimbani. Zinaharibikia harusini na msibani, kwenye baraza la kahawa. Mtu hakupi bahasha, anakusalimia tu, anakukumbusha kwamba alimzika mjomba wako. Kulikuwa na hakimu mmoja, mtu safi, sikuwahi kumsikia kapokea hata senti. Mwezi wa Ramadhani akaenda kufuturu kwa mtu ambaye shauri lake lilikuwa linasikilizwa. Najua hawakuzungumza kesi, kwa kuwa wengi tuliokuwa pale tungesikia. Hukumu aliyoitoa baadaye niliisoma mimi mwenyewe na ilikuwa ya haki. Ila upande wa pili walikuwa wameshaviona viatu vyake mlangoni, na hapakuwa na mtu mtaani aliyeiamini ile hukumu tena. Walikata rufaa, wakashindwa, na bado wakaondoka wanasema wamedhulumiwa. Kwa wale watu mahakama ilikwisha siku ile.

Kwa hiyo nakuuliza kabla tume inayowahoji waombaji wa ujaji haijakuuliza: utaweza kuwaacha waite bila kuitika? Wewe hupendi kumwambia mtu hapana. Toka udogo.

Utaratibu wenu umenipa ahueni kidogo. Kwamba tume inawahoji waombaji hadharani, kisha inampelekea gavana majina yasiyopungua matatu naye anateua mmoja, afadhali hivyo kuliko ungezunguka na mabango ukichangisha fedha kwa mawakili watakaosimama mbele yako kesho. Na nimependa kwamba katiba ya Arizona haimruhusu mbunge kushika ofisi nyingine ya jimbo au kaunti kabla ya muda aliochaguliwa kwisha. Watu wapate kukuzoea ukiwa huna cheo hata kidogo. Ila gavana atakayekuteua naye ni mwanasiasa, na huko ulikotoka mnalipana fadhila. Kwake pia funga mlango. Kila baada ya miaka minne wananchi watapiga kura ubaki au uondoke. Wakikuondoa kwa hukumu ya haki, rudi nyumbani na kichwa chako kiko juu.

Nimesoma tena habari za yule mama Sandra Day O'Connor, ambaye nadhani ndiye unayemfuata nyayo japo hutaki kusema. Wengi wanamjua kuanzia 1981, Ronald Reagan alipomteua kuwa mwanamke wa kwanza katika Mahakama ya Juu ya Marekani na Seneti ikampitisha kwa kura 99 bila hata moja ya kumpinga. Mimi naitazama miaka ya kabla ya hapo. Aliingia Seneti ya Arizona 1969, na 1973 akawa kiongozi wa wabunge wa chama chake kilichokuwa na wengi, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo katika jimbo lolote la Marekani. Mtu wa namna hiyo angeweza kuutaka ugavana. Yeye 1974 akagombea ujaji wa kaunti hiyohiyo yako, akashinda, akakaa pale mpaka 1979 akisikiliza kesi za watu wa kawaida kabla Gavana Bruce Babbitt, wa chama kingine, hajampandisha Mahakama ya Rufani ya Arizona. Na mwaka uleule wa 1974 wananchi walipitisha mabadiliko aliyoyaunga mkono akiwa seneta, ya kwamba majaji wa Maricopa wasigombee tena bali wateuliwe kwa sifa. Mlango unaotaka kuupitia wewe, yeye ni mmoja wa walioujenga.

Inasimuliwa kwamba aliwahi kuletewa mama mwenye watoto wadogo, amekiri kutoa hundi zisizo na fedha, akamwomba huruma kwa ajili ya wale watoto. Akamfunga. Kisha akaingia ofisini kwake akalia. Hapo ndipo ninapokuogopea. Kulia utalia, sina shaka. Je, utafunga kwanza?

Maana kuna jingine hujaliwaza, au umeliwaza hukuniambia. Zile sheria ulizozipigia kura ya hapana, ukasimama bungeni ukazisema vibaya, utazisoma mbele ya mtu na kumhukumu kwazo. Atakayesimama pale anaweza kuwa Mkongo yuleyule, mkalimani pembeni, akakutambua akakuita dada. Ukimjua, jitoe kwenye kesi mapema, kwa maandishi, kabla hajakuomba. Usingoje wakili wa upande wa pili aseme. Na baada ya hapo usimpigie kumweleza kwa nini umejitoa. Narudi kulekule kwenye simu, najua unachoka, lakini badilisha namba kabisa. Ile ya zamani mpe mbunge atakayekuja baada yako.

Sikukatazi, mama. Najua hukuandikiwa cheo hiki na mtu. Ulipokuwa unasomea sheria na kufanya kazi usiku sisi hatukuwa na cha kukutumia, ukanyamaza, hukuomba.

Mengine ni ya nyumbani. Bati la upande wa jikoni limetoboka, nimemwita fundi, anataka bei ya kushangaza kwa sababu anajua uko Marekani. Usitume fedha, tutaelewana naye. Dawa za presha za mama yako zipo za kutosha. Mdogo wako kapata kazi bandarini, ya muda, hatujui itakuwaje.

Baba yako mdogo ana ugomvi wa kiwanja kule Pongwe na jirani aliyesogeza mipaka. Anataka umpigie diwani simu, anasema diwani akisikia sauti ya mheshimiwa kutoka Marekani jambo litakwisha siku hiyohiyo. Nimemkatalia. Nimemwambia aende baraza la kata na karatasi zake, na karatasi anazo, haki anayo. Amenuna, hajaja hapa tangu Ijumaa. Akikupigia mwenyewe, msalimie, muulize hali ya watoto, na habari ya diwani mwambie hapana.

Siku ya usaili ikijulikana, niambie mimi kwanza kabla ya shangazi yako.

Baba yako