Mwanangu, usitoe maua yaliyochoka

Mwanangu mpendwa,

Nimelisoma daftari la hesabu ulilonipangia likizo hii. Nimelisoma mara mbili, usiku, duka limeshafungwa na ndoo za kesho zimeshajazwa maji. Umefanya kazi safi. Ukurasa wa mwisho umeandika kwa wino mwekundu kwamba mashada 31 yametoka bila malipo mwaka huu kwa wafiwa wasio na pesa, na kwa bei yetu ya shilingi 2,500 hiyo ni shilingi 77,500. Chini yake ukapendekeza: tuendelee kutoa, lakini tutoe maua yaliyochoka, yale ambayo hata hivyo yangetupwa Jumamosi jioni.

Hesabu iko sawa. Pendekezo ndilo lililoninyima usingizi, na nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu tungekatizana.

Wewe ulimjua shosho, mama yangu, akiwa mwenye duka, ameketi kwenye kiti chake karibu na kaunta. Hukumjua akiwa mfanyakazi wa pakihausi, banda la kufungia maua ya shamba, kule Naivasha. Alisimama miaka sita kwenye meza ya kuchagua maua, akipima mashina na kukagua vichwa. Waridi la kwenda Uholanzi lilitakiwa linyooke, lisiwe na petali iliyochubuka wala jani lenye doa. Likipinda kidogo tu, hata kama kichwa chake kinapendeza kuliko yote, lilienda kwenye kreti ya rijekti. Kutoka kwenye kreti hizo ndiko biashara yetu ilikoanzia. Alizinunua kwa bei ya chini, akazipandisha matatu hadi Nakuru akiwa amezifunga kwa magazeti yaliyolowa maji, akauza kando ya barabara na ndoo mbili. Wakati huo hakuna aliyewaza kwamba mji huu ungekuja kuitwa jiji.

Sasa sikiliza, maana hili hajawahi kukusimulia.

Jioni moja alikuja mama mmoja kutoka Kaptembwo, amefunga sarafu kwenye pembe ya leso. Alikuwa amefiwa na mtoto wa miezi minne. Akauliza kama kuna ua la pesa zile. Shosho hakuzihesabu hata. Alimrudishia leso yake, akaingiza mkono kwenye ndoo ya nyuma, akatoa mawaridi yaliyobaki tangu siku tatu nyuma, akayafunga vizuri, akampa bure. Alijisikia vyema, mwanangu. Kesho yake akafunga biashara mapema akaenda naye makaburini, kwa sababu yule mama hakuwa na watu wengi. Kisanduku kilipokuwa kinateremshwa, yule mama akaweka maua yake juu, na petali zikapukutika zote kwa mara moja. Yakabaki mashina. Mama wa watu akainama akaanza kuziokota moja moja, akijaribu kuzirudisha.

Shosho alirudi nyumbani hakula. Nilikuwa darasa la sita, nakumbuka sufuria ya githeri ikipoa mezani. Aliniambia: "Nilimpa rijekti kwa sababu hakuwa na pesa."

Tangu siku hiyo, shada la bure ndilo linalotengenezwa kwanza asubuhi, maua yakiwa yameshinda usiku kucha ndani ya maji na mikono yetu haijachoka. Umeniona nikifanya hivyo maisha yako yote, labda ukadhani ni mazoea. Mashina yanakatwa kwa mshazari, majani ya chini yanaondolewa, kitako ni cha mgomba uliokatwa siku hiyo hiyo, utepe ni ule ule wa wanaolipa. Hakuna kadi yenye jina la duka. Hakuna picha. Mtu akisimama kule makaburini asiweze kujua ni shada lipi lililonunuliwa na lipi lililotolewa.

Bwawa lilipopasuka Solai usiku wa 9 Mei 2018, ulikuwa bado shule ya msingi. Zaidi ya watu 40 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Tulifanya kazi siku mbili bila kulala, mimi na shosho na wale wasichana wawili waliokuwa wakijifunza kwetu. Shosho alikuwa na macho mabaya tayari, lakini alikuwa akigusa kila kichwa cha ua kwa kidole gumba kuona kama ni kigumu. Kilicholegea alikiweka kando. Tulimwambia hakuna atakayeangalia kwa huzuni ile. Hakutujibu, akaendelea kugusa.

Sitaki nikudanganye kwamba tulichotoa kimewahi kuturudia. Mwaka 2020 korona ilipofika, ndege zikasimama na mashamba ya Naivasha yakawa yanatupa mawaridi kwa malori. Kwetu harusi ziliisha, mazishi yakawa ya watu 15, nani ataagiza shada? Tulifunga kwa miezi miwili. Niliuza friji kubwa kulipa kodi. Katika wote tuliowapa maua miaka ile, sikumwona hata mmoja mlangoni, na sikuwa na sababu ya kumtarajia. Nao walikuwa na njaa zao.

Kwa hiyo usiniandikie kwamba kutoa ni matangazo mazuri ya biashara. Najua ndivyo mnavyofundishwa, na sisemi ni uongo. Ila ukianza kuhesabu hivyo, utajikuta unampa anayeonekana na kumwacha asiyeonekana.

Jambo moja dogo kabla sijasahau: yule mzee wa mbuzi akirudi kuomba majani na mashina tunayotupa, mkatalie kwa upole. Maua haya yamepuliziwa dawa huko shambani, hayafai kulishwa mnyama. Shosho alimkatalia pia, akamnunulia gunia la nyasi.

Sasa kuhusu hesabu yako, nakubali tuna shida. Punguza utepe wa kutoka nje, tunaununua mwingi mno. Acha kuagiza yungiyungi katikati ya wiki, yanakaa bila kununuliwa. Ukiona bado hatuwezi mashada 31, basi tutoe 20, na nitawaeleza watu mimi mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba mwaka huu hatuna. Ni heri mtu aondoke mikono mitupu akatafute kwingine kuliko aokote petali kaburini.

Utafungua duka Alhamisi peke yako, mimi nitakuwa Njoro. Saa moja asubuhi atakuja kijana wa bodaboda, amevaa koti la kijani. Ni shada dogo, la mtoto. Nimeshamwambia limelipiwa, usimtajie bei. Chukua mawaridi meupe ya ndoo iliyo karibu na mlango, yale yatakayoingia Jumatano jioni, na uguse kila kichwa kwa kidole gumba kabla hujalifunga.

Mama yako