Usikiyeyushe kile kikuku

London, Jumapili usiku

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu ndani ya basi, na mara ya tatu nikashuka kituo kisicho changu. Nimeelewa kilichotokea: nyundo ilikuwa na pengo usoni, hukuitazama kabla ya kuanza, ukakizungusha kikuku cha fedha cha watu hadi mwisho, na ulipokiinua kwenye mwanga kimejaa makovu kama gome la mwembe. Fundi amekufokea mbele ya wateja, na sasa wiki nzima ni kusugua tu na kufagia.

Nianze na lisilokupendeza. Fundi ana haki. Fedha ilikuwa ya mtu, na nyundo hutazamwa kabla ya kushikwa. Mwombe radhi tena, safari hii bila kununa.

Baada ya hapo nina habari yako.

Bibi ninayemhudumia huku ana seti ya vijiko, visu na uma tangu alipoolewa. Si fedha, ni chuma kisichoshika kutu. Kila siku navikosha, na kwa miezi nilidhani mipini yake imechakaa, maana imekwaruzika yote, mistari midogo ya wima isiyofanana, kama ganda la mti mkavu. Siku moja nikamuuliza kama anataka nimtafutie vipya. Alicheka hadi akakohoa. Akaniambia ile mikwaruzo ndiyo aliyoilipia, na kwamba aliyeibuni anaitwa Gerald Benney.

Nikaanza kumtafuta huyo Benney, unanijua nikishika jambo.

Alizaliwa Hull mwaka 1930. Baba yake alikuwa mkuu wa chuo cha sanaa cha Brighton, na hapo kijana akafundishwa kufua fedha na Dunstan Pruden, sonara aliyeishi na mafundi wenzake Wakatoliki katika kijiji cha Ditchling. Kisha akaingia Royal College of Art, chuo kikuu cha sanaa hapa London. Chuoni alisoma pamoja na Robert Welch na David Mellor, na hao watatu ndio waliokuja kubadilisha sura ya vyombo vya mezani vya Uingereza. Mellor, kwa taarifa yako, ndiye pia aliyebuni taa za barabarani za nchi hii. Kila nikisubiri kuvuka nasimamishwa na mfua fedha.

Mwaka 1955 Benney akafungua karakana yake mjini. Fedha ya kisasa ya wakati huo ilikuwa nyororo, laini kama yai, kwa kufuata mtindo wa Skandinavia, naye alifanya vivyo hivyo, na vizuri. Hadi siku aliyoshika nyundo yenye uso ulioharibika, bila kukusudia, akapiga nayo chombo alichokuwa anakitengeneza. Nyundo ikaacha alama. Akazitazama, akaona zinapendeza. Ndipo ulipozaliwa ule mtindo wanaouita gome.

Watu huku huisimulia kama hadithi ya bahati, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia, kwa sababu simu utanikatiza kabla sijamaliza. Siiamini bahati hiyo. Nyundo mbovu zimejaa kila karakana. Mafundi wangapi waliona alama kama zile, wakapiga msasa, wakanyamaza? Yule alikuwa amefua miaka mingi, jicho lake linajua uso laini ulivyo hata usiku, na kwa hiyo aliweza kuona kwamba hiki kingine nacho ni uso. Halafu ikaja kazi yenyewe. Kukosea mara moja hakuna mtu asiyeweza. Yeye ilimbidi ajifunze kulirudia kosa kwa makusudi, pigo kwa pigo, alama zisigongane wala zisiache kipara, kuanzia mdomo wa jagi hadi kitako, kisha awafundishe wasaidizi wake nao wapige vivyo hivyo. Wewe hukulirudia lako. Ulilifanya mara moja, umelala. Tofauti ni hiyo tu, lakini ni kubwa.

Gome lile lina faida nyingine niliyoijua jikoni kabla ya kuisoma: halionyeshi alama za vidole. Fedha nyororo ukiigusa tu imekushitaki.

Wiki iliyopita, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda jumba la makumbusho la Victoria and Albert Museum, South Kensington. Hakuna kiingilio, ndiyo maana naipenda. Wana kumbi nzima za fedha, na nyingi, nikwambie kweli, zimenichosha: masinia makubwa kama mlango, malaika kila pembe, tajiri anataka umjue. Mbele ya kazi za kisasa ndipo niliposimama. Nilitaka kuingiza mkono kwenye kioo nipapase. Mlinzi akanitazama, nikajifanya nasoma kibao.

Haya ya kufua unayajua kunishinda, lakini mafundi wa huku hawaanzi kwa waya na vipande kama nyinyi kwenye vikuku. Chombo kama jagi huanza kama bamba la duara, bapa kabisa. Hulilaza kwenye fuawe na kulipiga mzunguko baada ya mzunguko, linajikunja taratibu kwenda juu. Fedha ikipigwa inakuwa ngumu na kiburi, basi wanaipasha moto hadi iwe nyekundu hafifu, wanaizamisha, inalainika, wanaanza tena. Jagi moja linaweza kurudi motoni mara nyingi mno. Alama za gome zinakuja baadaye, wakati umbo limekwisha kukaa. Fikiria sasa umetoka huko kote, na pigo la mwisho linaangukia pabaya.

Baadaye Benney akaongeza rangi. Unga wa kioo unapakwa juu ya fedha, unatiwa tanuruni, na joto la kuuyeyusha lipo karibu sana na joto la kuiyeyusha fedha yenyewe. Ukizubaa kidogo umepoteza vyote viwili. Ikitoka salama, unaona nakshi ya chini kupitia rangi, kama mchanga pale ufukweni maji yakipwa.

Uliniuliza zamani kama wazungu wanamwamini sonara wao. Hawamwamini hata kidogo! Tangu mwaka 1300 wana sheria ya kupima fedha. Kazi inapelekwa kwenye ofisi ya kupimia, inakwanguliwa, inapimwa; ikiwa na sehemu 925 za fedha tupu katika 1000 inagongwa muhuri wa kiwango chao cha fedha, pamoja na herufi za mwenye kazi. Muhuri wa London ni kichwa cha chui, ingawa kwa macho yangu ni simba. Wa Birmingham ni nanga, mji usio na bahari. Benney alifika mahali ambapo malkia Elizabeth, mumewe, mama wa malkia na mwanamfalme Charles, wote wanne kwa wakati mmoja, walikuwa wamempa hati ya kuwa sonara wao, jambo ambalo fundi yeyote wa Uingereza hakuwa amelipata kabla yake. Na bado kila jagi lilikwenda kukwanguliwa kama la mwanafunzi.

Sasa urudi kwenye uma za bibi yangu. Kuanzia 1957 Benney alikuwa mbunifu wa kiwanda cha vyombo vya mezani cha Viners cha Sheffield, na ule mtindo wa karakana, uliokuwa wa wenye nacho, akautia kwenye chuma, mashine ikautoa kwa maelfu, mwalimu na karani wakaweza kuununua. Wapo wanaoona alijishusha. Mimi nakosha hizo uma kila siku, baada ya miaka karibu sitini, na hakuna hata moja iliyopinda.

Alifundisha pia, miaka ya 1970 na kuingia 1980, akiwa profesa chuoni alikosoma, na akafariki 2008. Mwanawe Simon alishika kazi ya fedha. Mwingine, Paul, akawa mchoraji. Nawe ukitaka kuacha nyundo nitakusikiliza, ila si wiki hii, ungali na hasira.

Nimetuma pesa leo. Zinatosha uzito wa fedha ya kile kikuku na kidogo cha kumfuta jasho fundi. Mlipe yeye kwanza, amtengenezee mteja kingine, na hicho chenye makovu kiwe chako. Ile nyundo nayo usiipige msasa mpaka umeuliza kama anaweza kukuuzia. Kikuku umpe shangazi yako anayekuja mwezi ujao, akifunge kwenye khanga, asikitie kwenye mzigo wa chini. Nataka nikiweke mezani kando ya uma za bibi, nitazame mwenyewe.

Usile mandazi tu asubuhi.

Mama yako