Risala ya Walimu wa Darasa la Kwanza kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa kata yetu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule,
Mwalimu Mkuu na walimu wenzetu,
Wazazi, walezi na wanafunzi wapendwa,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu. Risala nyingi huanza na historia ya majengo. Leo tunaomba ruhusa yako tukusimulie wiki iliyoisha jana katika darasa la kwanza, maana ombi letu limo humo.

Jumatatu, baada ya gwaride na ukaguzi wa kucha, tulifundisha silabi za l na r. Kama unavyojua, watoto wengi hapa Simiyu huongea Kisukuma nyumbani, na sauti hizi huwachanganya. Mtoto anasoma "kalamu" vizuri, akifika kwenye "karanga" anatamka "kalanga". Hatumchapi wala haturuhusu wenzake wamcheke. Tunaweka kalamu na karanga mezani, anashika, anataja, anaandika neno kwa kidole mchangani, ndipo tunampa penseli. Kazi hii ni ya polepole, na tunaipenda.

Siku hiyohiyo tulipanda maharage juu ya pamba iliyoletwa na mzazi mmoja kutoka shambani kwake. Kila asubuhi watoto waliinama juu ya chupa. Alhamisi mizizi ilipochomoza, hakuna aliyehitaji kulazimishwa kuchora.

Kuhesabu tunatumia kokwa za ukwaju, vifuniko vya soda na vijiti. Vijiti kumi vikifungwa pamoja kwa mpira vinakuwa fungu moja, na mtoto anaishika kumi mkononi kabla ya kuiandika ubaoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Jumatano ni siku ya mnada, na zamani mahudhurio yalishuka sana. Sasa siku hiyo tunafungua soko la darasani: nyanya, viazi, mayai ya udongo wa mfinyanzi, na noti za karatasi. Muuzaji asiyejua kurudisha chenji anasaidiwa na wenzake. Watoto waliokuwa wakibaki mnadani na mama zao wameanza kuja. Tunawashukuru wazazi waliowaachia.

Ijumaa ni siku ya kusoma kwa sauti, na hapa tunaomba utusikilize kwa makini. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Hata kama darasa lingekuwa na wanafunzi 45, kiwango kilichowekwa na Serikali, kila mtoto angepata sekunde 40 tu za kusoma mbele ya mwalimu. Darasa letu limekivuka kiwango hicho kwa mbali. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto wanaandikishwa kwa wingi, nasi tunafurahi kuwapokea, lakini chumba ni kilekile. Ijumaa iliyopita kengele ililia wakati mtoto aliyekuwa amesimama, kitabu mkononi, ameshamaliza sentensi ya kwanza na kidole chake kimefika kwenye ya pili. Ilibidi akae. Waliomfuata hawakusoma kabisa. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza Januari 2024, unataka mtoto aonyeshe umahiri wake. Ataonyeshaje asipopata zamu?

Ndiyo maana ombi letu kubwa ni moja. Boma la darasa lililojengwa kwa nguvu za wananchi nyuma ya ofisi limefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Tunaomba utusaidie lipate mbao na bati ili darasa ligawanywe mikondo miwili, na utusemee kwenye Halmashauri tuongezewe mwalimu wa kufundisha mkondo wa pili. Chaki tunazo, zinatengenezwa Maswa, mkoani mwetu. Vitabu vya kusoma havitoshi, watoto wanne hutazama kimoja, na anayekaa pembeni anaona nusu ya ukurasa.

Tuna jambo lingine kuhusu uji. Wazazi waliochangia mahindi tunawashukuru sana. Wapo ambao bado, na mtoto mwenye njaa saa nne hasikii silabi. Tunaomba neno lako kwao leo, kwani wewe ni mzazi mwenzao.

Baada ya risala hii watoto watakusomea hadithi fupi. Tumewapanga wengi kadiri tulivyoweza, kila mmoja sentensi yake. Tunaomba uwape muda wamalize wote.

Tunaomba kuwasilisha.

Walimu wa Darasa la Kwanza