Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vibali vya Maegesho ya Wakazi

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote. Karibu nguvu zetu zote mwaka huu zilikwenda kwenye jambo moja, vibali vya maegesho, yaani ruhusa ya mkazi kuegesha gari mtaani kwake, na ndilo nitakalolieleza kwa kirefu.

Tangazo la halmashauri yetu hapa London lilifungwa kwa kamba ya plastiki kwenye nguzo ya taa, ndani ya mfuko wa nailoni uliokwisha kuingia maji. Mama mmoja aliyekuwa akimpeleka mtoto shule ndiye aliyesimama akalisoma. Lilisema nafasi za wakazi upande wa stesheni zitafanywa za mchanganyiko: mwenye kibali ataegesha, na anayelipia kwa simu naye ataegesha. Ukilisoma harakaharaka utadhani hatujapokonywa kitu. Lakini tunaoishi hapa tunajua hali ilivyo alfajiri. Watu hutoka nje ya London, huacha magari na kupanda treni mpaka jioni. Muuguzi aliyekesha zamu akirudi, mtaa umeshajaa.

Sheria inatoa angalau siku 21 za kuweka pingamizi, na sisi tulikuwa tumeshapoteza kadhaa. Tuligawana nyumba, tukabisha hodi. Niliwaomba wote jambo moja: usiandike kwamba umekasirika, andika kinachokupata. Sheria ya trafiki ya 1984, kifungu cha 45, inaitaka halmashauri izingatie mahitaji ya magari yanayopita na pia maslahi ya wanaoishi kando ya barabara. Kwa hiyo kila barua yenye habari ya kweli ya nyumba fulani ina uzito wake.

Barua iliyonigusa kuliko zote ni ya bibi mmoja aliyemsimulia mjukuu wake kwa Kiswahili, mjukuu akaiandika kwa Kiingereza. Alieleza kwamba mhudumu anayekuja kumwogesha alizunguka mtaa mzima akitafuta pa kuegesha, naye bibi akakaa ukingoni mwa kitanda, taulo begani, maji yakipoa. Naamini barua hiyo ilifanya kazi kuliko hoja zangu zote.

Tuliwakumbusha pia maofisa yaliyotokea Barnet, kaskazini mwa London. Mwaka 2011 ada ya kibali cha mkazi huko ilipandishwa kutoka pauni 40 hadi 100, na vocha ya mgeni, ambayo mkazi humpa mgeni wake aegeshe, kutoka pauni 1 hadi 4. Wakazi hawakukubali. Julai 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ile ya 1984 si ya kukusanyia kodi, na kwamba ni kosa kupandisha ada kwa nia ya kupata ziada ya kugharimia mambo mengine ya uchukuzi. Shauri letu halikuhusu ada, lakini somo la Barnet linatufaa: maegesho yapangwe kwa sababu za maegesho.

Halmashauri ilirudi nyuma. Nafasi za mchanganyiko zitakuwa mbele ya maduka tu, jambo ambalo mimi naliona la haki, kwani wenye maduka nao ni majirani zetu. Nafasi zilizo mbele ya nyumba zimebaki za wakazi.

Sasa niseme linaloniuma. Baadhi yetu wanawauzia wafanyakazi wa ofisini vocha za wageni. Vocha ile ni ya fundi wa bomba, ya dada aliyekuja kumwona mzazi, ya wanaofika msibani. Kila inayouzwa inampa ofisa sababu ya kusema kwamba wakazi wenyewe hawahitaji nafasi hizi. Nawasihi, acheni.

Hesabu za chama mtazipata kwa mweka hazina mkutanoni, na nafasi ya katibu iko wazi.

Tunahitaji pia watu wawili kwa kila mtaa, wa kupita kila Jumamosi kusoma matangazo kwenye nguzo. Mkutanoni nitapitisha karatasi ya kuandika majina. Mtaa wa stesheni nimeshajiandikisha mimi. Anatakiwa mmoja zaidi.

Mwenyekiti