Malalamiko kuhusu tiketi ya mtu mmoja kwenye tamasha lenu la ufukweni

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Assalaam alaykum.

Naandika kuhusu tamasha la muziki mlilolifanya mwezi uliopita ufukweni Jambiani. Nilinunua tiketi moja kwa bei kamili ya shilingi 40,000, nikaenda peke yangu, nikakaa tokea mchana wa jua kali mpaka mlipozima taa za jukwaa. Malalamiko yangu yote yanatoka pahala pamoja: mliniuzia tiketi ya mtu mmoja, lakini pale kiwanjani hapakuwa na kitu kilichopangwa kwa mtu mmoja. Viti, chakula, hata gari la kurudia mjini, vyote vilipangwa kwa makundi.

Na kabla hamjanijibu kwamba ningekuja na wenzangu, hebu nieleze. Sikukosa wa kwenda naye. Nina mume, nina mashoga, nina watoto wakubwa. Wote wazuri, na wote ukienda nao kwenye muziki wanazungumza. Mmoja ataka soda, mwengine ataka apigwe picha, wa tatu ashachoka anataka kurudi mjini hata wapiga fidla hawajamaliza kukaza nyuzi zao. Nilitaka siku moja ya kusikiliza tu, nisiulizwe kitu na mtu. Mume wangu alinipeleka mwenyewe mpaka mnapopakilia gari zenu Darajani, akanambia nimsalimie mpiga ganuni wa taarab.

Mlangoni kijana wenu wa ulinzi aliniuliza, "Mama, umekuja na nani?" Nikamwambia nimekuja na tiketi yangu. Akacheka, na mie nikacheka. Wa pili naye akauliza hivyo hivyo. Wa tatu, aliyekuwa akitufunga bangili za karatasi mkononi, akaniuliza kama nakaa pembeni kumsubiri mzee afike. Hapo sikucheka tena. Wanaume waliokuja peke yao walikuwepo, na niliwaona wakipita bila ya kuulizwa neno. Sidhani kama vijana wale walikusudia ubaya. Lakini nyinyi mliowaajiri mngewaambia kwamba kazi yao ni kusoma tiketi.

Mlangoni hapo hapo nikanyang'anywa chupa yangu ya maji. Chupa ya bati, yenye kifuniko, na maji nimechota nyumbani. Ndani yanauzwa maji kwenye chupa za plastiki. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tokea 2006, na kampuni yenu inatangaza kwenye mabango kwamba inalinda bahari. Haya, nalipita hilo.

Sasa viti. Tangazo lenu lilisema "viti na kivuli kwa wote". Kivuli kilikuwa ni maturubai mane, na chini ya kila turubai meza za watu sita sita. Ukitaka kukaa, unakodi meza nzima kwa simu kabla ya siku yenyewe. Hakuna namna ya kukodi kiti kimoja, nimetafuta. Asiyekuwa na meza anasimama kwenye mchanga, nyuma ya uzio, na joto la kaskazi ya mwaka huu mnalijua wenyewe lilivyokuwa.

Kulikuwa na familia moja, watu wa Kiembesamaki, meza yao ina watu watano. Mama wao aliniona nimesimama na mkoba kichwani kujikinga jua, akanivutia kiti cha sita. "Karibu dada, kaa, kiti hakina mtu." Nikakaa. Hata sijatulia, akaja msimamizi wenu aliyevaa fulana ya njano, akasema jina langu halimo kwenye orodha ya meza ile, niinuke. Mwenye meza akamwambia kiti kimelipiwa na yeye ndiye aliyenikaribisha. Kijana akajibu utaratibu haumruhusu. Nikainuka, maana watu walishaanza kugeuka kututazama, na kiti kile kikakaa kitupu mpaka usiku. Watu nisiowajua walijua la kufanya kwa mgeni aliye peke yake. Kampuni iliyochukua pesa yangu haikujua.

Niliporudi nyuma ya uzio nikatandika mkeka wangu mdogo mchangani, nikakaa. Mambo yakawa mazuri kwa saa nzima. Ilipofika alasiri nikaenda kusali, na niseme haki: pahala pa sala mlipapanga vizuri, maji yapo, wanawake wametengewa upande wao, na muziki mkauzima wakati wa adhana. Kwa hilo nawashukuru. Lakini aliyekuja na wenzake anamwacha mmoja akae na vitu. Mimi wa kumwacha sina, nikauacha mkeka na mtandio juu yake. Kurudi, sioni mkeka. Mlisogeza uzio ili kuongeza nafasi ya wageni maalumu, na mkeka wangu nikaukuta umekunjwa, umetupwa nyuma ya jenereta, unanuka dizeli. Nilipouliza nikaambiwa ni "mizigo isiyokuwa na mwenyewe". Mwenyewe alikuwa anasali, na waliouondoa waliniona nikitoka kwenda kusali.

Habari ya chakula ni fupi, lakini ina hesabu. Pesa taslimu hazikupokelewa. Lazima ununue kadi na uitilie kiasi kisichopungua shilingi 20,000. Kwa familia ya watu sita kadi moja inatosha na inakwisha. Mimi niliitilia kiasi kile kile nilishe tumbo moja. Pilau likauzwa kwa sinia la watu wanne tu. Nikaomba sahani moja, nikaambiwa hakuna sahani. Nikaishia kula mishikaki na kunywa soda mbili, kadi ikabaki na shilingi 11,000, na dirishani wakanambia kilichobaki hakirudishwi. Nje ya uzio, hatua chache tu, wanawake wa Jambiani walikuwa wanauza urojo na madafu, ninawaona kwa macho. Lakini ukitoka hurudi ndani. Kwa hiyo kijiji kilichowapa ufukwe wake kikawa kinatutazama kwenye matundu ya wavu, sisi na njaa zetu, wao na vyungu vyao vimejaa.

Muziki wenyewe? Kidumbak cha jioni, ngoma yetu ya kucheza, kilikuwa kizuri mno. Sanduku la besi lilipigwa na mtu anayelijua, manyanga ya cherewa na vijiti vya mkwasa vimekaa pahala pake, na yule mwanamke aliyekuwa akiimba aliwatia watu kwenye duara bila ya kuwaomba. Nikacheza peke yangu pale pembeni na hakuna aliyeniuliza nimekuja na nani. Hiyo ndiyo siku niliyoilipia.

Kisha taarab, ambayo ndiyo iliyonitoa mjini. Ratiba ilisema saa mbili kasorobo usiku, muda wa saa nzima. Walipanda jukwaani imeshapita saa tatu, wakapewa nyimbo mbili. Mtangazaji wenu akawatambulisha kwa maneno haya: "Sasa kidogo muziki wa wazee, halafu tunaendelea na burudani." Bwana Meneja, kisiwa hiki kina vikundi vya taarab, Nadi Ikhwan Safaa tokea 1905 na Culture Musical Club tokea 1958. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurikodi sahani za santuri kwa lugha hii hii, wakati huo hata umeme majumbani mwa watu wa Ng'ambo hapa mjini ulikuwa ndoto. Mtu anayelipwa kushika kipaza sauti kwenye tamasha la Zanzibar asiyajue hayo?

Kisha sauti. Ganuni ina nyuzi sabini na kitu, kila mpigo wake mdogo una maana, na fundi wenu akaitegea kipaza sauti kimoja alichokichangia na akodioni. Besi ikapandishwa kama vile tuko kwenye disko. Bashraf, muziki wa vyombo bila ya kuimba, ikapigwa, vidole vya mpigaji navitazama vinakimbia, na masikioni mwangu inaingia ngoma tu. Aliyekuja na wenzake huenda hakuliona hilo, maana alikuwa na mazungumzo. Aliyekuja kusikiliza hakuwa na kingine cha kufanya.

Na kutunza. Wimbo wa pili ulinigusa, nikatoa noti kwenye pochi, nikaenda mbele kumtunza mwimbaji kama inavyofanywa kila pahala taarab inapopigwa, iwe harusini, iwe ukumbini. Mlinzi akanizuia kwenye uzio: mbele ni kwa wenye meza. Nikamwambia sitaki meza, nataka kumpa tunzo mwimbaji. Akanyoosha mkono, akasema, "Nipe mimi nitampelekea." Noti ikarudi kwenye pochi. Huyo mwimbaji kanyimwa tunzo yake na kampuni iliyomwalika.

Yote hayo ningeyameza. Lililonifanya nishike kalamu ni safari ya kurudi.

Tiketi yangu, na nakala yake nimeiambatanisha, imeandikwa "pamoja na usafiri wa kwenda na kurudi mjini". Saa sita za usiku magari yenu yakaanza kupakia. Mtu mwenye orodha akasimama kwenye mlango wa gari anaita majina ya viongozi wa makundi: kiongozi fulani, watu wanane; kiongozi fulani, watu watano. Waliotajwa wanapanda. Nikangoja jina langu. Gari la mwisho lilipojaa nikaenda kumwonesha tiketi, akatazama karatasi yake, akanambia, "Hapa sina mtu mmoja mmoja, mama. Wewe uko kundi gani?" Nikamwambia sina kundi. Akafunga mlango. Nikapiga namba ya huduma iliyochapishwa nyuma ya tiketi. Ikaita mpaka ikakatika.

Kutoka Jambiani mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 50. Daladala za 309 za njia hiyo wakati huo zimelala zamani. Mwanamke peke yake, usiku wa manane, pembezoni mwa barabara, mkononi bangili ya karatasi yenye jina la kampuni yenu. Nikarudi mjini nimebanwa kwenye kiti cha nyuma cha gari ya wale watu wa Kiembesamaki, wale wale mlioniinua mezani kwao, na mtoto wao amenilalia mapajani. Walikataa hata kuchangiwa mafuta. Kama wasingenikuta, nyinyi mngejibu nini? Mume wangu alikuuliza swali hilo kwa simu asubuhi yake, ukamwambia atume ujumbe.

Tukatuma. Jibu lililokuja, ninalo, linasema mnasikitika kwa usumbufu na mnanikaribisha mwakani kwa punguzo la tiketi ya watu wanne.

Sitaki tiketi ya watu wanne. Nataka shilingi 11,000 zilizobaki kwenye kadi, kwa sababu ni pesa yangu na sikununua kitu kwa hizo. Nataka sehemu ya bei ya tiketi inayolingana na usafiri wa kurudi ambao sikupewa, na hesabu yake mnaijua nyinyi mnaowalipa wenye magari. Nataka maelezo kwa maandishi: nani aliamua kwamba abiria waitwe kwa makundi wakati kila tiketi ina namba yake? Mwakani someni namba za tiketi mlangoni mwa gari, na gari la mwisho lisiondoke mpaka kila namba imeonekana. Tengeni viti vya mmoja mmoja kwenye kivuli, hata kwa kulipia. Wekeni sahani. Na mwambieni fundi wa sauti akae na wapigaji wa taarab mchana, kabla ya watu kufika, awasikilize kwanza.

Nawapa siku 14 tokea mnapoipokea barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka pamoja na viambatanisho vyake kwenye Tume ya Ushindani Halali wa Biashara hapa Zanzibar. Nakala moja naipeleka leo leo kwenye Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, wajue wasanii wa taarab walivyotambulishwa na walivyosikika.

Nimeambatanisha nakala ya tiketi, picha ya kadi inayoonesha salio, picha ya ratiba iliyobandikwa mlangoni, na ujumbe wenu wa majibu. Chupa yangu ya bati ni ya rangi ya buluu na ina alama ya kubonyea karibu na kifuniko. Kama bado mnayo, nitakuja kuichukua ofisini mwenyewe.

Mteja wenu,
mwenye tiketi iliyoambatanishwa
Unguja Mjini