Benki zishuke Kongowea zizungumze na wachuuzi

Mhariri,

Akina mama wanaouza mboga katika soko la Kongowea hupiga hesabu za magunia kichwani bila kukosea, lakini wengi hawathubutu kuingia benki. Si kwamba hawana pesa. Wanaogopa fomu ya Kiingereza, na wanaogopa zaidi kuuliza swali mbele ya foleni wakaonekana wajinga.

Hukimbilia mkopo wa simu, ambao hauulizi wala hauelezi. Ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 huonekana ndogo; ukikopa hivyo kila mwezi, kwa mwaka ni asilimia 90. Nani amewaambia?

Wapo pia Waislamu wanaokwepa benki kwa kuogopa riba, ambayo dini imeikataza, na wana haki. Lakini tangu 2008 nchi hii ina benki za Kiislamu, zisizotoza riba. Katika murabaha, benki hununua bidhaa kisha hukuuzia kwa faida mliyokubaliana, nawe ukalipa kidogo kidogo. Hata vijana waliosoma nimewasikia wakidai jambo hilo halipo.

Mabenki yalete maafisa sokoni asubuhi, waketi, waeleze kwa Kiswahili na wajibu maswali hadi yaishe. Maimamu na viongozi wa vyama vya akina mama wawe nao.

Mkazi wa Likoni,
Mombasa