Bei za mnada zisichotwe kwa rejeksi peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaandikie vijana wa Mtwara na Lindi wanaotengeneza programu za kuchota bei za mnada wa korosho kutoka kurasa za intaneti na kuwatumia wakulima kwa ujumbe mfupi. Kazi hiyo ni ya heri, kwani mkulima wa Tandahimba au Liwale aliyekwisha kupeleka korosho zake ghalani kupitia chama cha msingi ana haki ya kujua siku hiyohiyo kilo moja imeuzwa shilingi ngapi. Wasiwasi wangu ni kwamba wengi huchota kwa kutegemea rejeksi tu, yaani ruwaza ya herufi inayoieleza kompyuta itafute nini, na ruwaza hiyo inaweza kukosea bila kutoa onyo lolote.

Ukurasa wa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za intaneti, huweka kila kisanduku cha jedwali kati ya tagi, yaani alama, ya kufungua, <td>, na ya kufunga, </td>. Anayeanza huandika <td>(.*)</td> akitumaini kupata kilichomo katikati; nukta ni herufi yoyote, na nyota ni kuirudia mara nyingi iwezekanavyo. Nyota ile ina pupa: mstari ukiwa na visanduku vitatu, itameza kuanzia tagi ya kwanza hadi ya mwisho, na jina la ghala, daraja na bei vitatoka vimegandana pamoja na tagi zilizo kati yao. Kosa hilo huonekana mara moja na dawa yake ni nyepesi, ama .*? inayosimama kwenye tagi ya kufunga ya kwanza, ama [^<]* isiyovuka alama ya <.

Yanayotisha ni makosa yasiyoonekana. Tuseme mwenye ukurasa ameikoleza bei ya ghala la kwanza kwa tagi ya <b>. Ruwaza <td>([^<]*)</td> itakiruka kisanduku hicho kizima, na iwapo programu inapanga bei kwa kufuata mfuatano tu, bei ya ghala la pili itahesabiwa kuwa ya la kwanza, na ya tatu kuwa ya la pili. Hakuna kitakachokwama. Ujumbe utakwenda, tarakimu zitaonekana za kweli, na mkulima wa Newala atasoma bei ya Masasi. Vivyo hivyo bei ya zamani iliyofichwa kati ya <!-- na --> haionekani na msomaji wa ukurasa, lakini rejeksi huichota kama ya leo.

Ustadi wa mwandika programu hautoshi kuliondoa tatizo hili. Stephen Kleene, mwanahisabati wa Marekani aliyeweka msingi wa ruwaza hizi katika miaka ya 1950, alizifungamanisha na mashine ya kinadharia yenye hali zenye idadi yenye kikomo, na mashine ya aina hiyo haiwezi kukumbuka ni tagi ngapi zimefunguliwa moja ndani ya nyingine pasipo kikomo. Ndiyo maana jedwali lililo ndani ya jedwali huishinda. Lugha kadhaa za programu zimeziongezea ruwaza uwezo, ila matokeo yake ni mistari ambayo hata aliyeiandika hushindwa kuisoma baadaye.

Nawasihi vijana hawa watumie kichanganuzi, programu inayotambua kila tagi inapofunguliwa na kufungwa, hivyo kuwezesha kujua kila neno liko ndani ya kisanduku kipi. Lugha ya programu ya Python huja na kichanganuzi kiitwacho html.parser bila malipo na bila kupakua kitu cha ziada, jambo lenye maana kwa anayejinunulia bando. Rejeksi ije baada ya hapo, ihakikishe kwamba kilichopatikana kweli ni tarakimu za bei. Na idadi ya bei isipolingana na idadi ya maghala, programu isitume chochote mpaka mtu aikague.

Kwa wanaotangaza matokeo ya mnada, naomba kando ya jedwali waweke pia faili la CSV, yaani la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, lenye tarehe, ghala, daraja na bei, tarakimu zikiandikwa bila mkato ndani yake, ili asiwepo wa kulazimika kupekua tagi.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara